Malungu ya Ufipa: Matanuri ya Chuma Yaliyobaki Yamesimama

Katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, yamebaki matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa huyaita malungu. Moja huitwa ilungu. Ni majengo ya kuyeyushia chuma. Lililo zima lina kimo cha mita tatu au zaidi, kitako chake kimetanuka, na kadiri linavyopanda ndivyo linavyobanwa, hadi juu kabisa ambako limeachwa wazi kama chungu kisicho na kifuniko. Chini pana matundu yapatayo kumi yaliyozunguka ukuta, na mojawapo ni kubwa kuliko mengine, mtu anaweza kulipenya akijikunyata. Ukuta wenyewe umeiva kwa moto hadi kuwa mwekundu kama tofali la kuchoma. Mengi yako mashambani au kwenye nyasi za malisho, katika wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Mgeni asiyeambiwa kitu hudhani ameona kichuguu kilichochongwa, na hajakosea sana, kwa kuwa udongo wake ulitoka kichuguuni.

Ufipa ni mgongo wa nchi ulioinuka kati ya maziwa mawili. Magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki inaanguka ghafla katika bonde la Ziwa Rukwa. Katikati ni uwanda wa baridi na upepo, sehemu kubwa ukiwa juu ya mita 1,500, na safu ya Mbizi iliyo mashariki ya mji wa Sumbawanga inapita mita 2,000. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kilomita 220 na ushei za lami, na njia nzima, kupitia Laela, macho hayakutani na msitu wa maana. Ni nyasi, mahindi, maharage na ulezi. Nchi isiyo na miti ndiyo iliyowahi kuteketeza kuni kwa wingi kuliko majirani zake, na wengi waliochunguza mazingira ya Ufipa wameona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Haifai, hata hivyo, kuwabebesha wahunzi lawama yote. Kilimo nacho kilifyeka, na moto wa kila kiangazi haukusaidia.

Mtapo wa chuma haukuwa adimu. Udongo mwekundu wenye kokoto za chuma umetapakaa katika nyanda hizo, na palipokosekana mawe mazuri, mafundi walitumia hata yale yenye chuma kidogo. Hali hiyo ya mtapo hafifu inaeleza mengi juu ya umbo la ilungu na juu ya kazi iliyofuata baada yake.

Historia ya utawala wa Ufipa, kama wazee wanavyoisimulia, imeanzia mikononi mwa wahunzi. Mji wa kwanza ulikuwa Milanzi, chini ya mlima Itwelele. Jina hilo limebaki hadi leo karibu na Sumbawanga mjini. Watawala wake walihusishwa na ufundi wa chuma, na wa kwanza wao anatajwa kwa jina la Ntatakwa. Simulizi maarufu kuliko zote, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliikusanya katika miaka ya 1960, inasema kwamba mfalme wa Milanzi alikuwa mawindoni wanawake wageni walipofika kutoka mbali. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwonya mkewe asimpe mtu yeyote kigoda cha enzi. Wageni wakafika, mke akawakaribisha, kigoda kikakaliwa. Mfalme aliporudi alikuta nchi imekwisha kupata wenyewe wengine. Hao ndio mwanzo wa ukoo wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika katika tawala mbili, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Milanzi haikufutwa. Ilibakiwa na heshima ya kidini, na wahunzi wakabakiwa na moto wao. Utawala ukahama; ujuzi wa chuma haukuhama.

Kazi ya ilungu ilianza kwa kuchagua mahali. Mafundi walitafuta kichuguu kikubwa kilicho karibu na mtapo, maji na kuni, kwa sababu vitu hivyo vyote ni vizito na hakuna aliyetaka kuvibeba kichwani kutwa nzima. Udongo wa kichuguu umechambuliwa na mchwa chembe kwa chembe. Unashikana vizuri, haupasuki ovyo ukikauka, na unastahimili moto. Ulichimbwa, ukamwagiwa maji, ukakandwa kwa miguu, kisha ukafinyangwa mabonge makubwa yaliyopangwa mduara juu ya mduara. Kila safu iliachwa ishike kabla ya nyingine kupandishwa juu yake. Kwenye ukuta uliovunjika leo mistari ya safu hizo bado inasomeka, na penye bahati huonekana alama za vidole vya aliyesawazisha udongo ukiwa mbichi. Ukuta ulikuwa mnene chini na mwembamba juu, na matundu ya kitako yaliachwa tangu mwanzo wa ujenzi.

Katika matundu hayo iliingizwa mirija ya udongo, kila tundu likipewa zaidi ya mmoja, na mapengo yakazibwa kwa tope. Ndani ya tanuri vilipangwa kuni na makaa, kisha mtapo, kwa tabaka, vikimiminwa kutoka mdomo wa juu. Moto ukawashwa. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kuvukuta.

Hapa ndipo ufundi wa Ufipa unapotofautiana na ule wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wahaya wa Kagera, kwa mfano, walitumia tanuri fupi na mivukuto, vijana wakipokezana kusukuma hewa hadi jasho liwatiririke. Ilungu linajivutia hewa lenyewe. Watu wengi husema kwamba upepo wa nyanda za juu ndio uliofanya kazi hiyo, lakini upepo ulikuwa msaidizi tu. Kinachovuta ni urefu. Hewa ya moto ndani ya tanuri ni nyepesi, inapanda na kutoka juu. Nafasi yake inajazwa na hewa baridi inayoingia kwa nguvu kupitia mirija ya chini. Kadiri bomba lilivyo refu, ndivyo mvuto unavyoongezeka. Ndiyo sababu jengo lilipandishwa hadi kukaribia mara mbili ya kimo cha mtu, wakati kwa kiasi cha chuma kilichotoka nusu ya kimo hicho ingeonekana yatosha.

Kanuni hiyo ya kuongoza hewa ya moto ndani ya jengo imeacha magofu mengi duniani, na mengi yametunzwa kuliko haya. Warumi waliitumia kwa anasa. Katika bafu zao za umma sakafu iliinuliwa juu ya vinguzo vifupi vya matofali, moto ukakokwa pembeni, na hewa yake ikapita chini ya miguu ya waogaji na kupanda ndani ya kuta kupitia vigae vyenye uwazi. Afrika Kaskazini bado inayo magofu makubwa ya bafu hizo: zile za Antoninus huko Carthage, Tunisia, na zile za Hadrian huko Leptis Magna, Libya, zote za karne ya 2. Zanzibar ilirithi desturi ya kuoga kwa mvuke kwa njia ya Uajemi. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 wakati wa Seyyid Said, na ile ya Hamamni, Mji Mkongwe, wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ya Hamamni iliacha kazi mwaka 1920, na leo mgeni hulipa kiingilio akatembezwa vyumbani. Ilungu ni la jamii hiyo hiyo ya majengo ya moto, ila halikujengwa kwa starehe ya mtu yeyote, na hakuna anayekata tiketi mlangoni pake.

Ndani ya tanuri mambo yalikwenda hivi. Makaa yanapoungua katika hewa isiyotosha hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hunyang'anya mtapo oksijeni yake na kuacha chuma. Joto lilipanda hadi kufikia nyuzi 1,200 za Selsiasi hivi, na hilo lilitosha kuyeyusha mchanga na takataka nyingine za mtapo, zikatiririka na kuwa mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakikuyeyuka, kwa kuwa kinahitaji nyuzi 1,538. Kilibaki kama sponji, punje zikigandamana na kuwa bonge zito lililochanganyika na makaa na mavi. Kazi iliendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa, na fundi mkuu aliangalia rangi ya mwali kwenye mdomo wa tanuri na mwanga ndani ya mirija ili kujua kilichokuwa kinatokea ndani. Hakuwa na kipimo kingine.

Mvuto wa asili una faida na hasara zake. Unaokoa nguvu za watu, kwa maana kundi dogo linaweza kuendesha tanuri kubwa na hata kuyahudumia mawili kwa zamu. Lakini unakula kuni nyingi na unakwenda polepole, na chuma kinachotoka ni kichafu. Wafipa hawakuona tatizo katika uchafu huo, kwa kuwa walikuwa na tanuri la pili.

Kabla ya kulifikia hilo la pili, yapo mambo ambayo fundi wa Kifipa angeyataja kwanza, na ambayo mtaalamu wa madini angeyaacha mwisho. Ilungu lilikuwa mwanamke. Lilipomalizika kujengwa lilipambwa kama bibi harusi na kushangiliwa kwa nyimbo, na mlango wake mkubwa, ambao bonge la chuma lilitolewa kupitia hapo, ulikuwa njia ya uzazi. Fundi mkuu alikuwa na kapu la dawa liitwalo intangala, lenye mizizi, magome na vitu vingine alivyorithi au kununua kwa fundi mwingine, na baadhi ya dawa hizo zilifukiwa ndani ya kitako cha tanuri kabla moto haujawashwa. Kwa muda wote wa kazi mafundi walijitenga na wake zao na kulala kambini. Mwanamke aliyekuwa katika siku zake hakuruhusiwa kusogea. Kazi ilipoharibika, lawama haikuanzia kwenye mtapo mbaya au kuni mbichi. Swali la kwanza lilikuwa nani amevunja mwiko.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuigawa kazi hiyo mafungu mawili, sayansi huku na ushirikina kule. Mafundi wenyewe hawakuwa na mgawanyo huo. Fundi aliyejua kupima mwali kwa macho ndiye huyo huyo aliyejua dawa ya kuufanya mwali ukubali, na alilipwa kwa vyote viwili. Tena, miiko ilikuwa na kazi yake ya kawaida kabisa: iliweka watu wote kambini, macho, kwa siku ambazo tanuri halikuweza kuachwa peke yake.

Tanuri la pili liliitwa kintengwe. Lilikuwa dogo, halifiki kiuno, na hili lilitumia mivukuto. Mabonge kutoka ilungu yalivunjwavunjwa, vipande vizuri vikachaguliwa na kupangwa ndani yake pamoja na makaa, kisha vikavukutwa hadi mavi yaliyosalia yakayeyuka na kuachana na chuma. Kilichotoka kilipelekwa kwa mhunzi kufuliwa. Mpango huo wa hatua tatu, yaani kuyeyusha katika ilungu, kusafisha katika kintengwe, na kufua juu ya fuawe, ndio uliowawezesha Wafipa kupata jembe zuri kutoka katika mtapo ambao mahali pengine ungetupwa. Malungu yamesimama kwa sababu ni makubwa na yameiva. Vintengwe ni vigumu kuvipata: vimebaki duara la udongo ulioungua, unaoinuka kidogo tu juu ya ardhi, na mara nyingi mtu huutambua kwa mguu kabla ya jicho.

Jembe la Ufipa lilihitaji kuwa imara kwa sababu ya namna ya kulima. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hupindua nyasi pamoja na udongo wake na kujenga matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, yenye nyasi zimefukiwa ndani. Nyasi huoza humo na kuwa mbolea. Juu ya tuta hupandwa maharage au mboga, na msimu unaofuata tuta husambazwa na kupandwa ulezi. Mtu aliyesimama leo kwenye mteremko wa Mbizi wakati wa kulima ataziona ntumba kwa mamia, zimepangana shambani. Kilimo hicho hakiwezekani kwa mti uliochongwa wala kwa jembe jembamba. Kinataka bamba pana, lenye mkia mrefu wa kupenyeza kwenye mpini, na uzito wa kukata mizizi ya nyasi kwa pigo moja. Wahunzi walifua pia shoka, mikuki, visu na vyombo vya ibada, lakini jembe ndilo lililobeba uchumi.

Jembe lilikuwa pia mahari. Lilitolewa kwa wakwe, likalipwa kama faini, likabadilishwa na chumvi na mifugo kwa majirani wa bondeni na wa mwambao. Pamoja na nguo nzito za pamba zilizofumwa katika bonde la Rukwa, zijulikanazo kama seketa, majembe yaliipa Ufipa jina la nchi ya watu wa kazi. Mwanajiolojia Joseph Thomson wa Uskoti, aliyepita hapo mwaka 1880 akielekea kuliona Ziwa Rukwa, aliwaeleza Wafipa kama wakulima kwelikweli, watu waliojishughulisha na mashamba kuliko vita.

Sifa hiyo ya utulivu haikuwa ya siku zote. Katika miaka ya 1840 Wangoni waliotoka kusini walifika Ufipa, na kiongozi wao Zwangendaba akafia huko, mahali paitwapo Mapupo, kabla watu wake hawajatawanyika kwenda pande mbalimbali. Baada yao misafara ya pembe na watumwa iliongezeka katika mwambao wa Tanganyika. Kazi ya chuma iliendelea katika misukosuko hiyo yote. Kwa kweli vita huongeza wateja wa mhunzi. Kilichoimaliza kilikuja kwa utulivu zaidi.

Mwaka 1885 wamisionari wa Shirika la Mapadre Weupe walichukua kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimeanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kutoka huko walipanda hadi Ufipa. Wajerumani nao walijenga boma Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Hatuna budi kuwashukuru mapadre kwa maandishi yao: Askofu Adolphe Lechaptois alichapisha kitabu juu ya nchi za kando ya ziwa mwaka 1913, na mwaka uliofuata Padre Wyckaert akaandika katika jarida la Anthropos makala ndefu juu ya wahunzi, akiwagawa katika kichwa chake kuwa wapagani na Wakristo. Kichwa hicho peke yake kinaonyesha mengi. Kwanza, kwamba mnamo 1914 malungu yalikuwa bado yanawaka. Pili, kwamba palikuwa tayari na mafundi waliobatizwa wakijaribu kuyeyusha chuma bila intangala, au wakimwambia padre kwamba hawana intangala.

Ubatizo haukuyazima matanuri. Bei ya jembe iliyazima. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya lilifika dukani likiwa jepesi, limechongwa sawasawa, na la bei ambayo ilungu, kwa siku zake zote za kujenga, kukata kuni, kuchoma makaa na kulinda moto, halikuweza kushindana nayo. Kodi ya serikali ilitaka fedha taslimu, na vijana ambao wangejifunza ufundi wakaondoka kwenda mashamba ya mkonge na migodini kutafuta fedha hizo. Mhunzi naye akagundua kwamba chuma chakavu hakihitaji kuyeyushwa. Kipande cha reli au springi ya gari kinatoa kisu kizuri baada ya saa chache za makaa. Ufuaji ukaendelea, na unaendelea hadi leo katika vijiji kadhaa, uyeyushaji ukafa.

Kufikia miaka ya 1930 ulikuwa umekaribia kwisha. Mwaka 1937 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, R. C. H. Greig, alichapisha maelezo ya uyeyushaji wa Kifipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1958 R. Wise akaandika humo humo juu ya ufundi na miiko yake. Baada ya Uhuru J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa alichapisha utafiti wake juu ya wahunzi wa Ufipa mwaka 1969. Katika miaka ya 1990 Mnorwe Randi Barndon aliwaomba wazee wairudie kazi hiyo ili aione kwa macho, naye mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaizunguka nchi yenyewe, hasa mwambao wa Nkasi, akihesabu matanuri na malundo ya mavi ya chuma.

Kazi ya Mapunda, iliyokamilika kama tasnifu ya udaktari mwaka 1995, ilivunja dhana moja iliyokuwa imezoeleka, kwamba Ufipa ulijua aina moja tu ya tanuri. Alitofautisha tatu. Malungu ndiyo yale marefu ya nyanda za juu. Katukutu ni mafupi, yaliyopatikana mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, na ni ya zamani kuliko malungu. Barongo ni ya mafundi wageni kutoka kaskazini, waliokuja na mivukuto yao. Kwa hiyo malungu si mwanzo wa chuma katika nchi hiyo. Ni sura yake ya mwisho, na pengine ndiyo sababu yamesimama. Matanuri ya jamii hiyo hiyo, marefu na yenye kujivutia hewa, yanapatikana pia kaskazini mwa Zambia na Malawi, hivyo mipaka ya mataifa matatu inakata ufundi mmoja.

Anayezuru ilungu leo ana mengi ya kusoma bila kuchimba chochote. Aanzie chini. Mavi ya chuma yaliyotapakaa kuzunguka kitako ni meusi, mazito, yenye mikunjo kama asali iliyoganda ikiwa inatiririka. Yakiwa mengi, tanuri lilitumika misimu mingi. Vipande vya mirija vina ncha mbili zisizofanana: ya nje imebaki udongo mwekundu, ya ndani imeyeyuka na kung'aa kama kioo cha chupa. Ukuta wa ndani nao una ngozi hiyo hiyo ya kioo kuanzia usawa wa matundu hadi kifuani, kisha inapungua. Hapo ndipo joto lilipokuwa kali kuliko kwingine. Mara nyingi kichuguu kilichotoa udongo bado kipo hatua chache tu kando yake, na shimo lake halijajaa.

Adui wa jengo hilo anajulikana. Udongo ulioiva vizuri hauyeyuki kwa mvua, lakini sehemu ya juu ya ilungu haikupata joto la kutosha kuiva, hivyo maji ya Novemba hadi Aprili huanza kulila kutokea mdomoni. Mizizi hupenya kwenye nyufa. Ng'ombe hujikuna ukutani. Plau ya kukokotwa kwa maksai, ambayo sasa ni ya kawaida nyanda zote hizo, haina subira na mavi ya chuma, na mkulima anayekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu kubwa ya kulizunguka tanuri la ukoo usio wake. Watoto hupanda juu. Wajenzi huona matofali ya bure.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda bila masharti zaidi majengo yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo ni mwafaka kwa Kilwa na Engaruka. Kwa Ufipa unaleta utata. Ilungu lililojengwa mwaka 1850 na lililojengwa mwaka 1910 yanafanana kwa kila kitu, udongo mmoja, kimo kimoja, na hakuna anayeweza kuyatenganisha kwa macho. La kwanza linalindwa moja kwa moja, la pili linasubiri Waziri alitangaze. Kwa kuwa mengi ya yaliyosimama ni ya miaka ya mwisho ya ufundi huo, sheria inayafikia kwa shida yale hasa ambayo bado yana kitu cha kulindwa. Nchi nyingine imekwisha kuonyesha njia: mwaka 2019 Shirika la UNESCO liliingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia maeneo matano ya matanuri ya chuma ya Burkina Faso, baadhi yakiwa na majengo ya kujivutia hewa yasiyozidi yale ya Ufipa kwa urefu.

Msimu mzuri wa kuyaona malungu ni kati ya Juni na Oktoba, nyasi zikiwa zimelala na njia za vijijini zinapitika. Anayefika Sumbawanga aanzie ofisi ya serikali ya kijiji husika, aombe mzee wa kumwongoza, kwa maana mengi yako ndani ya mashamba ya watu. Asipande ukutani. Na vipande vya mirija na mavi ya chuma aviache pale pale alipovikuta, kwa sababu mahali kilipo kipande ndipo panapomwambia mtafiti kilitoka tundu lipi, na kikishatiwa mfukoni hakisemi tena lolote.